Bisibisi, buibui na Babu aliyegoma kutuniwa na simu

Kitu cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya bendi ni bisibisi. Sio nyuzi, sio maiki, bisibisi bapa ya mpini mwekundu kwenye duka la vifaa karibu na Soko la Majengo, na muuzaji akaniuliza dada unafungua nini, nikamwambia soketi. Ningemwambia ni ya kuchomeka chini ya nyuzi za gitaa ili lilie kama bati linaloburutwa kwenye lami angenirudishia hela yangu akaniombea dua.

Hii ni 2013, Dodoma ya kabla ya serikali kuhamia kwa kishindo, mapagala yamejaa Nkuhungu yote na kodi ya chumba bado ina utu. Tulikuwa wanne. Mwalimu, tulimwita hivyo kwa sababu ndio kazi yake, anafundisha hesabu sekondari, alipiga solo. Fundi simu alipiga rizim na ndiye aliyekuwa anatufufulia kila kitu kinachokufa. Dogo alipiga dramu, sema dramu yenyewe ilikuwa tumba moja tuliloazima kwaya, sahani moja ya shaba iliyopasuka na ndoo mbili za rangi za lita ishirini. Mi nilipiga besi. Jina la bendi siliandiki, tulibadilisha mara nne na yote yalikuwa mabaya.

Mwalimu ndo alileta balaa lenyewe. Alikuwa na flashi ya GB 4 aliyopewa na mtu waliyesoma naye ambaye alikaa nje miaka miwili, mle ndani kuna mapicha ya watu wasiojulikana na folda moja imeandikwa Sonic Youth. Tukaisikiliza dukani kwa Fundi jioni wateja wameisha. Dakika mbili za kwanza Fundi akasema hili faili limeharibika, akalihamishia kwenye kompyuta nyingine, likapiga vilevile, akabadilisha spika, vilevile. Ndo tukaelewa kwamba asee, hawa watu wamekusudia.

Kwa ambao hamuwajui, ni bendi ya New York iliyoanza 1981, Thurston Moore na Lee Ranaldo kwenye magitaa, Kim Gordon kwenye besi, na kuanzia 1985 Steve Shelley kwenye dramu. Mji ule ulikuwa umetoka kwenye panki, ule muziki wa vijana wenye hasira, chord tatu za gitaa, mbio mbio, hujui kupiga piga hivyohivyo. Upande wa pili kulikuwa na wasomi wa muziki wa kumbi, watu kama John Cage ambaye tangu miaka ya arobaini alikuwa anabana skrubu na mipira katikati ya nyuzi za piano, na mwaka 1952 akatoa kipande ambacho mpiga piano anakaa kwenye kiti na hapigi kitu dakika nne na sekunde thelathini na tatu. Sonic Youth wakakaa hapo katikati ya hao wawili. Moore na Ranaldo walipitia kwenye kundi la mtunzi mmoja anaitwa Glenn Branca, huyu bwana alikuwa anapanga magitaa jukwaani kama okestra, nyuzi zote zimetuniwa, yaani zimekazwa au kulegezwa mpaka zitoe noti moja, halafu yanapigwa kwa nguvu mpaka ukumbini zinaanza kusikika sauti ambazo hakuna mtu anazipiga.

Mi kilichonishika ni Kim Gordon. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamke na besi. Na ucheshi wa mambo ni kwamba wakati sisi tunawapenda hivyo wao walishavunjika, onyesho la mwisho lilikuwa Brazil Novemba 2011, maana yeye na Moore walikuwa mke na mume na ndoa ilifika mwisho. Tukawa kama watu wanaotuma posa nyumba iliyohamwa.

Kilichowagusa wenzangu ni umasikini wao wa mwanzo. Magitaa yao yalikuwa ya bei chee, ukiyatuni kawaida yanalia vibaya, basi wakaamua kuyatuni wanavyojua wenyewe na kuchomeka bisibisi na vijiti vya dramu chini ya nyuzi. Baadaye wakawa na magitaa kibao, kila moja lina tuning yake na nyimbo zake, kiasi kwamba 1999 lori lao la vyombo lilipoibiwa California hawakuibiwa magitaa tu, waliibiwa na nyimbo, kwa sababu kuna nyimbo zilikuwa zinapigika kwenye gitaa lile na sio jingine. Sisi umasikini tulikuwa nao, tena wa kutosha. Nyuzi unaagiza Kariakoo zinakuja na basi siku mbili baadaye, kwa hiyo uzi ukikatika Fundi alikuwa anachambua waya wa breki ya baiskeli anatoa unywele mmoja anaufunga pale, na vidole vinatoka damu kweli. Ila magitaa tulikuwa nayo mawili tu, kwa hiyo kila wimbo ukiisha watu wanasubiri dakika saba Mwalimu anakaza na kulegeza, halafu uzi unahama tena wimbo ukiwa katikati.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye pagala la mtu aliyekuwa anafanya kazi Mwanza. Halina paa upande mmoja, halina madirisha, sakafu ni mchanga. Umeme tulivuta kwa mama jirani kwa ekstensheni ndefu, makubaliano tunamnunulia luku ya elfu tano kila wiki. Mama wa watu alikuwa anafuga kuku na kila Jumamosi anatuambia wanangu kuku wangu hawatagi, na sisi tunamwambia ni joto mama.

Siku moja Mwalimu akaja na wazo la maiki za kubembea. Ni kitu cha Mmarekani Steve Reich cha mwaka 1968, na Sonic Youth walikirudia 1999 kwenye albamu yao ya vipande vya watunzi wa aina hiyo. Kinafanywa hivi: unalaza spika chali, unaning'iniza maiki juu yake kwa waya wake wenyewe, unaivuta pembeni, unaiachia. Kila ikipita juu ya spika inapiga mluzi, wiip, ikitoka inanyamaza. Zikiwa maiki mbili tatu miluzi inapishana, inakutana, inaachana, mpaka bembea inaisha nguvu maiki zinatulia juu ya spika na mluzi unakuwa mmoja mrefu, unachomoa waya, mmemaliza. Hamna mtu anayepiga kitu. Tukafunga maiki zetu mbili kwenye nondo zilizochomoza kwenye linta, tukaweka spika juu ya tofali, Mwalimu akahesabu, tukaachia.

Sasa Reich sidhani kama alikuwa na habari ya upepo wa Dodoma mwezi wa nane. Ule upepo uliingia dirishani ukazikuta maiki ukazipokea kama watoto, kila zikitaka kutulia unazisukuma tena. Tukakaa kwenye ndoo tunasubiri kipande kiishe. Dakika kumi, ishirini. Vumbi linaingia, Dogo anapiga chafya, maiki nazo zinaokota chafya. Dakika ya arobaini na kitu luku ya mama jirani ikakata, kimya, ndo mwisho wa kipande. Mpaka leo naamini ndo kitu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kufanya na hatukurekodi, kwa sababu maiki zote mbili zilikuwa kazini.

Kukataliwa nako tulikataliwa kwa heshima. Shemeji yake Fundi alikuwa kwenye kamati ya sendoff ya ndugu yao, akatupangia dakika kumi na tano kabla ya keki. Mpaka leo sijui alidhani tunapiga nini, pengine alidhani dansi, ukisema gitaa la solo na rizim mtu mzima wa Tanzania anamkumbuka Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, anaandaa kiuno. Tukapanda. Mwalimu akaweka bisibisi chini ya nyuzi karibu na katikati ya shingo, akapiga upande huu na upande ule, sauti kama kengele ya shule inayozama kwenye maji. Mi nikashika noti moja ya besi sikuiachia. Dogo ndoo. Kwenye dakika ya pili Fundi akasogeza gitaa karibu na spika likaanza mluzi kama tulivyopanga, na hapo hapo nikamwona kijana wa mitambo anakimbia. Anakimbia kabisa, anaruka nyaya, amefika kwenye mikisa anashusha kila kitu, anatufanyia ishara ya pole, tulieni, nashughulikia. Fundi anapandisha, yule anashusha. MC mtu mzuri wa watu akashika maiki akasema ndugu wageni waalikwa tunaomba radhi kuna tatizo dogo la kiufundi, na mama wa bibi harusi mtarajiwa akatuletea soda tupoze koo wakati mitambo inatengenezwa. Hakuna aliyetuzomea. Wote walituonea huruma. Asee, kuzomewa kungekuwa nafuu.

Nikiwa kwenye bajaji narudi na besi mapajani nikawaza kwamba kule kwao mtu anakata tiketi akijua anaenda kusikiliza kelele. Kwetu kelele maana yake kitu kimeharibika, na mtu mwenye adabu anakuja kukutengenezea. Niliamini hivyo kama miezi mitatu, na nilikuwa nimekosea.

Dogo ni Mgogo wa upande wa Chamwino, na kuna babu yake mdogo anapiga zeze na ilimba, ule ubao wenye vijiti vya chuma unavyovipiga kwa vidole gumba. Mwalimu akasema huyo ndiye tunayemtafuta, tukichanganya zeze na disto, kile kiboksi kinachokwaruzisha sauti ya gitaa, tunatoka. Nakiri nami niliona sawa. Si tunajua Hukwe Zawose, gwiji wa zeze na ilimba, alikotoka ni huku huku Ugogo, akaenda kuishia Bagamoyo, akarekodi na lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, na 2002 akatoa albamu na mpiga gitaa Michael Brook. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, tafuta mzee, weka gitaa nyuma yake, subiri wazungu.

Babu akaja Jumamosi na basi, amevaa koti, zeze kwenye mfuko wa salfeti na ilimba amelifunga kwa kanga. Tukamwamkia shikamoo, Dogo akamwamkia mbukwenyi, akatuangalia, akaangalia pagala, akauliza hii nyumba inabomolewa au inajengwa. Fundi alikuwa ametoa kile kisahani cha shaba kinachotoa mlio kwenye saa za mezani, akaunga waya na jeki, akakibandika kwa solotepu kwenye kibuyu cha zeze, na kweli sauti ikatoka kwenye spika kubwa mpaka kuku wa mama jirani wakanyamaza. Kufika hapo tulikuwa vizuri. Halafu Mwalimu akatoa simu.

Alikuwa na ile programu ya kutuni, yenye mshale unaokwambia uko juu au uko chini. Akaiweka mbele ya zeze, Babu akakwaruza uzi, mshale ukaenda kushoto. Mwalimu akasema uko chini kidogo Babu, kaza. Babu akakaza. Uzi wa pili, kaza kidogo. Tukahamia kwenye ilimba, kijiti kwa kijiti, hiki kiko chini, hiki kiko sawa, hiki kiko chini sana Babu hiki ndo kinaharibu, naye anavigongagonga kwa jiwe kuvivuta. Nusu saa nzima mzee wa miaka sabini na kitu anasahihishwa na simu ya tachi. Ilipofika mshale uko katikati kwa vyote akapiga mara mbili hivi, akanyamaza, akaweka ilimba chini taratibu. Akasema, "Hiki sio changu tena."

Mwalimu akasema Babu sasa ndo kiko sahihi. Babu akauliza hiyo simu kwao wapi. Hakuna aliyejibu. Tukarekodi hivyohivyo, tukampa soda na elfu tano ya nauli, na kabla hajapanda boda kwenda stendi akamuuliza Dogo kwa Kigogo kitu, Dogo akawa anaangalia chini. Baadaye akatuambia alichouliza: na jina langu mtaliandika wapi? Kwenye kompyuta ya Fundi ile rekodi tuliiita ZEZE MPYA 3.

Na ilikuwa mbaya. Nataka mnielewe, haikuwa mbaya ya kukusudia kama tulivyokuwa tumezoea, ilikuwa imepooza. Zeze linasikika kama la kuuzia watalii. Mwalimu akasema tatizo ni maiki, Fundi akasema tatizo ni Mwalimu, wakanuniana wiki mbili.

Mi nikapanda gari nikaenda kwa Babu peke yangu na besi. Sikuwa na mpango wowote wa maana zaidi ya kuomba radhi, nikabeba sukari kilo mbili. Nikamkuta kibarazani, ameshalirudisha ilimba lilivyokuwa, na hakuwa anapiga, alikuwa anatafuta kitu ukutani. Kumbe buibui. Wale wanaotaga ukutani halafu wanafunika mayai kwa kitambaa cheupe kama karatasi. Akaubandua ule utando kwa kucha, polepole usichanike, akaulowesha kwa mate, akaubandika kwenye kitundu kilichopo kwenye ubao wa ilimba, akausubiri ukauke huku ananiuliza habari za nyumbani. Halafu akapiga kijiti kimoja. Ikaja noti, na nyuma ya noti ikaja nzzzzz, kama nyuki kwenye kopo. Nikamwomba arudie. Akaubandua utando akapiga bila huo, sauti safi, ya adabu, haina kitu. Akaurudisha. Nzzzzz. Nikakumbuka kiboksi cha disto cha Mwalimu tulichochangia elfu tisini na tano kikaja na basi kutoka Dar. Na nikamkumbuka kijana wa mitambo pale kwenye sendoff anakimbia. Hapa mbele ya wazee wa kijiji angetokea mtu akaja kuondoa ile kelele ndo angeonekana ameharibu.

Nikamwonyesha na mimi cha kwangu. Kuna kitu nilikuwa nimejifunza kwa kuwaigiza wale wa New York, unagusa uzi bila kuukandamiza, unagusa tu kama unapima joto la chai, na ukigusa mahali penye mgao kamili, nusu, theluthi, robo, uzi unatoa sauti nyembamba ya juu badala ya sauti yake. Besi bila umeme haisikiki, Babu akaniletea debe tupu, akaligeuza, tukaegemeza kichwa cha besi juu yake, likawa spika. Nikakaza uzi wangu mnene mpaka ukaafikiana na kijiti chake kikubwa. Nikagusa robo, akapiga kijiti chake, zimefanana. Nikagusa sehemu ya tano, akatafuta, akapata kijiti, zimefanana. Ya sita, zimefanana. Nikagusa sehemu ya saba, ile ambayo kwenye besi haikai kwenye kikato chochote, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, iko hapo katikati pasipo na kitu, nilikuwa sijawahi kuitumia kwa sababu inasikika imepinda. Babu akapiga kile kijiti ambacho simu ilisema ndicho kinachoharibu.

Zikawa moja. Hakuna hata wimbi. Akacheka mpaka akashika goti, akasema, "Eeh, kumbe na wewe unayo humo ndani, mnaificha."

Hesabu zake nilikuja kuzijua baadaye, Mwalimu mwenyewe alinikokotolea, na nampa haki yake maana alikokotoa huku anajihukumu. Chukua uzi unaotikisika mara 55 kwa sekunde. Ndani yake kuna watoto wake: mara nne ni 220, mara tano 275, mara sita 330, mara saba 385, mara nane 440, mara tisa 495. Wagogo wanaimba na kutuni kwa kufuata watoto hao, kuanzia wa nne mpaka wa tisa hapo, na watafiti kama Gerhard Kubik wa Austria wameliandika hilo miaka mingi. Piano na simu ya Mwalimu zenyewe zimegawa noti kwa vipande kumi na mbili vinavyolingana, kwa hiyo pale kwenye 275 simu inataka 277, na pale kwenye 385 inataka 392, ambayo ni kama theluthi nzima ya hatua moja ya kinanda. Mshale ulikuwa unamwambia mzee uko chini. Hakuwa chini ya kitu chochote. Ni sisi na vikato vyetu tulikuwa juu. Na kinachouma zaidi, yule Glenn Branca, huyohuyo aliyewapitisha akina Moore, mwaka 1983 alikuwa na simfoni nzima iliyojengwa juu ya watoto hao hao wa uzi. Tulikuwa na habari zake zote kwenye flashi. Tulikuwa tunasoma jina tu.

Nikamwomba Babu arudi Nkuhungu. Akasema atakuja kwa elfu ishirini ya siku, mkononi kabla hajapanda gari, nauli mbali, na jina lake liandikwe la kwanza kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Nikarudi nikawaambia wenzangu. Fundi akasema hela hamna. Nikauza simu yangu ya pili, sijutii.

Safari hii hakuna aliyetoa programu. Babu akakaa kwenye ndoo, ilimba mapajani, gitaa la Mwalimu limelazwa mbele yake kama mgonjwa, anapiga kijiti, Mwalimu anazungusha, Babu anasema bado, bado, rudi, umepita, rudi. Ilichukua saa nzima na uzi mmoja ulikatika ukamkwaruza Mwalimu shavuni, hakulalamika. Nyuzi mbili za juu Babu aliziacha zikosane kidogo kwa makusudi, ukizipiga pamoja sauti inapumua, wau, wau, wau, Mwalimu akataka kuzisahihisha mkono wake ukafika nusu ya njia ukarudi. Besi yangu ikafuata wale watoto wa uzi, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ule mwembamba ukashuka mpaka ukalegea unapiga kwenye mbao, ukawa na nzzzz yake mwenyewe bila buibui. Vikato hatukuvitumia tena, Mwalimu alikuwa anatelezesha chupa ya dawa ya kikohozi, na bisibisi yangu ikarudi chini ya nyuzi na ikakubalika, Babu aliiangalia akasema hiyo ni sawa na pete wanazovalisha vijiti vya ilimba.

Tulipiga mara moja tu mbele ya watu kwa mtindo huo, uani kwa Babu, jioni, kwa jenereta. Hapakuwa na jukwaa. Watu hawakushangaa sana kwa kweli, watoto walishangaa ndoo. Bibi mmoja akamsikiliza Dogo kwa muda, akasimama akaenda akamwambia mjukuu wangu unaipiga ngoma kama imekukosea, akamwondoa pale, akaegemeza tumba katikati ya mapaja yake vile wanawake wa Kigogo wanavyopiga muheme, na kuanzia hapo ile bendi ikawa na mpigaji. Dogo akahamia kwenye sahani iliyopasuka na akabaki huko. Fundi alipopandisha mluzi wa gitaa nikajikuta naangalia pembeni kama kuna mtu anakimbia. Hamna. Babu akaupokea kwa zeze, akaukwaruza uzi wake kwenye noti ileile akaushikilia, wakakaa hapo wawili, mluzi na zeze, sijui dakika ngapi, mpaka jenereta likaomba mafuta.

Hatukutoka. Lazima niseme hivyo maana huwa naulizwa. Mwalimu alipata uhamisho Kigoma 2015. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza inahamia Dodoma kweli kweli, na mwenye pagala akarudi kutoka Mwanza mbio, akapiga paa, akapiga tailzi, leo pale kuna saluni na wapangaji wanne na huwezi kupata chumba. Fundi ana duka kubwa sasa anawauzia simu watumishi. Dogo nilikutana naye Chamwino kwenye lile tamasha la muziki wa Cigogo lililoanza 2009, alikuwa anapiga na kundi la kijijini kwao, na yule bibi alikuwa mstari wa mbele.

Rekodi zipo mbili nzuri. Jina la Babu liko la kwanza kwenye zote, hapa sijaliandika kwa sababu sijamwomba ruhusa na najua atataka kitu.

Mwaka juzi nyuzi za besi zilikuwa zimekufa kabisa, nikanunua mpya, siku hizi Dodoma zipo, nikazifunga nikajaribu kuzituni mwenyewe nne, tano, sita, saba. Ya saba ikanishinda. Nikawa naisikia kichwani lakini mkono unaivuta ipande, miaka yote ya kwaya na kinanda inavuta ipande. Nikampigia Babu, sasa hivi anaenda kwenye themanini na kitu na ana simu ya tachi, nikamwambia Babu naomba nije unisaidie uzi mmoja tu. Akauliza besi ina nyuzi ngapi nikasema nne. Akasema basi njoo na elfu arobaini, siku hizi natoza kwa uzi, na mmoja peke yake situni kwa sababu utamsikiliza nani akiwa peke yake.